Upana wa Bawa au Upana wa Mabawa? Kusoma Kanuni za Ndege Ndogo za Ukumbini

Safu hii imezoea kupima mambo mazito: ngeli, istilahi za sheria, tafsiri za katiba. Safari hii tumeletewa jambo lenye uzito wa gramu 3.

Ni ndege ndogo ya mfano. Mbao zake ni vijiti vyembamba vya balsa, mti mwepesi wa Amerika ya kitropiki. Ngozi yake ni karatasi laini. Na kinachoizungusha rafadha yake, au propela kama wengi wasemavyo, ni ukanda wa mpira uliosokotwa. Nje haifai, kwa kuwa upepo wa kupeperusha jani unatosha kuivunja. Kwa hiyo hurushwa ukumbini, milango ikiwa imefungwa na watu wametulia, na mshindi ni yule ambaye ndege yake imekaa hewani muda mrefu kuliko za wenzake.

Mwanachama mwenzetu anayewasaidia watoto wa familia za Afrika Mashariki na za Kikongo hapa Brussels siku za Jumamosi ametuomba tuziweke kwa Kiswahili kanuni za usanifu za daraja la wanaoanza. Karatasi aliyonayo ina Kifaransa upande mmoja na Kiholanzi upande wa pili, kama zilivyo karatasi nyingi za mji huu. Wazazi wengine wanasoma Kifaransa vizuri, wengine wamefika juzi kutoka Tanga au Mombasa na hawajakizoea. Mtoto akisaidiwa na mama yake nyumbani, mama lazima aielewe karatasi. Karatasi yenyewe ni fupi. Maswali yaliyotoka humo si mafupi, na ndiyo tunayoyaleta mbele yenu.

Tuseme mapema kwa nini yanatushughulisha. Ndege hizi hupimwa mezani kabla ya kurushwa. Kuna rula na kuna mizani. Mtoto aliyejenga kwa wiki tatu akifika mezani na ndege iliyozidi milimita mbili, hairuki. Hakuna anayemkatalia kwa ubaya. Kanuni ni kanuni. Lakini ikiwa milimita hizo mbili zimetokana na neno letu la Kiswahili, basi kosa ni la lugha tuliyomwandikia, na anayeumia ni mtoto.

Kanuni zenyewe

Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, liliundwa Paris mwaka 1905, na Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi nane waanzilishi. Ndilo linaloweka kanuni za ndege za mfano duniani, na madaraja yake huitwa kwa herufi na nambari. Daraja la mabingwa wa ukumbini ni F1D. Ndege ya F1D ina mabawa yasiyozidi milimita 550 kutoka ncha hadi ncha, haipungui gramu 1.4 bila mpira, na mpira wake hauzidi gramu 0.4. Katika kumbi ndefu za juu ndege za aina hii zimewahi kukaa hewani zaidi ya nusu saa.

Daraja la wanaoanza ni F1M, na karatasi ya mwenzetu imechukua humo mistari mitatu. Mabawa yasizidi milimita 460. Uzito bila mpira usipungue gramu 3. Mpira uliopakwa mafuta usizidi gramu 1.5.

Msomaji anaweza kushangaa. Mbona ya mwanafunzi ni nzito kuliko ya bingwa? Si ingekuwa rahisi kwake kuanza na nyepesi? La. Wepesi ndio ugumu wenyewe. Kwa ndege ya umbo lile lile, nguvu inayohitajika kuiweka hewani hufuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha moja na nusu. Ukipunguza uzito kwa nusu, nguvu inayohitajika haishuki kwa nusu tu. Inashuka hadi asilimia 35 hivi ya ile ya mwanzo. Anayeweza kujenga nyepesi anashinda, na anayeweza kujenga nyepesi ni mwenye mizani ya bei, mwenye mbao zilizochaguliwa moja moja, na mwenye vidole vilivyozoea kazi hiyo miaka mingi. Kikomo cha chini cha uzito kinamwambia bingwa: hapa wepesi wako haukusaidii kitu. Gramu 3 ni uzito ambao mtoto anaweza kuufikia kwa mbao za kawaida za dukani bila kuvunja vijiti kumi kwanza.

Tumeanza na nia hii kwa sababu tutaihitaji baadaye. Mtu asiyejua kanuni iliwekwa kwa ajili ya nini hubaki akibishana na koma.

Bawa moja, mabawa mawili

Tatizo la kwanza ni letu sisi wenye lugha. Kifaransa kina envergure na Kiholanzi kina spanwijdte. Maneno yote mawili yana maana ya umbali kutoka ncha ya bawa la kushoto hadi ncha ya bawa la kulia. Kiswahili cha vitabu vya ndege na ndege-hai huelekea kusema upana wa mabawa. Neno ni zuri na limezoeleka. Tai akikunjua mabawa yake, tunasema upana wa mabawa yake ni kadhaa, na kila mtu anaelewa.

Lakini ondoa ma- tu, useme upana wa bawa, na umehama. Bawa moja likiwa mezani lina urefu na lina upana, kama ubao. Urefu wake ni kutoka mwilini hadi nchani. Upana wake ni kutoka ukingo wa mbele unaokata hewa hadi ukingo wa nyuma. Hicho ni kipimo kingine kabisa, na madaraja mengine yana kikomo chake peke yake: katika F1D hakizidi milimita 200. Sasa mpe mzazi karatasi iliyoandikwa upana wa bawa usizidi milimita 460. Atajenga nini? Akilichukua neno lilivyo, anaweza kujenga ndege yenye mabawa ya mita moja na asione amevunja nini. Mpe mwingine iliyoandikwa urefu wa bawa usizidi milimita 460, naye atapima upande mmoja tu na kufika na ndege ya milimita 920.

Wataalamu wa sarufi watatuambia kwamba umoja na wingi hautoshi kubeba tofauti ya namna hii, na tunakubaliana nao. Kiambishi cha herufi mbili hakifai kuwa mlinzi wa mlango. Tunapendekeza karatasi isiseme upana wala urefu. Iseme ncha kwa ncha. Kila msemaji wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Goma, anajua ncha ni wapi, na hakuna bawa lenye ncha mbele na nyuma. Kipimo kile kingine, kikihitajika, kiandikwe ukingo kwa ukingo.

Hapa pia tumwonye mfasiri juu ya neno ndege. Ndege wa mfano ni yule mwenye manyoya anayetolewa kuwa mfano; ndege ya mfano ndiyo tunayoizungumzia. Upatanisho wa kisarufi unatuokoa katika umoja. Katika wingi, ndege wa na ndege za bado zinatengana, lakini mwandishi akiharakisha na kuandika ndege hawa badala ya ndege hizi, mtoto atacheka na mzazi atasita. Nalo neno mpira peke yake, watoto wa hapa wakilisikia, wanaangalia miguuni. Tuandike ukanda wa mpira. Aliyewahi kutengeneza manati anaujua.

Kivuli au kamba?

Tukishasema ncha kwa ncha, swali la pili linafuata, nalo halina uhusiano na Kiswahili. Mabawa ya ndege hizi si bapa kama ubao. Ncha zake huinuliwa ili ndege ijirudishe yenyewe inapoinama upande mmoja. Je, tupime kwa kuipitisha kamba juu ya bawa, ikifuata kila mkunjo, au tupime moja kwa moja hewani kutoka ncha hadi ncha?

Njia ya pili ni sawa na kupima kivuli. Iweke ndege chini ya jua la utosini, upime kivuli chake sakafuni. Hizi mbili hazitoi jibu moja. Chukua ndege yenye sehemu ya kati ya sentimita 26 iliyo bapa, na kila upande ncha iliyoinuliwa kwa nyuzi 30. Tukitaka kivuli kiwe sentimita 46 kamili, kila ncha itoe kivuli cha sentimita 10. Kwa nyuzi 30 ncha hiyo yenyewe itakuwa na urefu wa sentimita 11.5 na kitu. Jumla ya mbao, ukipima kwa kamba, ni zaidi ya sentimita 49. Anayesoma kivuli anapata sentimita 3 za bawa ambazo anayesoma kamba hana. Na aliyejenga kwa kivuli akikutana na mpimaji wa kamba, ndege yake imekataliwa ingawa amesoma kanuni kwa uaminifu.

Katika fani ya ndege, kupima kwa kivuli ni desturi iliyozoeleka, na wajenzi wakongwe hawaliulizi hata swali hili. Lakini karatasi hii ni ya wanaoanza, na desturi ni kitu ambacho anayeanza hana. Hapo ndipo tunapoona tofauti ya kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya wenyewe kwa wenyewe na kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mgeni. Ya kwanza inaweza kunyamaza, kwa sababu wasomaji wake wanajazia. Ya pili haina ruhusa ya kunyamaza. Mfasiri anayeiona nafasi iliyo wazi asiijaze mwenyewe kimya kimya. Awarudie wenye mashindano, waamue, kisha jibu liingie katika lugha zote tatu.

Isizidi, chini ya, na kiambishi -ki-

Tuje kwenye mipaka. Ndege yenye milimita 460 kamili inakubaliwa au haikubaliwi? Ikiwa karatasi inasema isizidi 460, inakubaliwa, kwa kuwa 460 haijaizidi 460. Ikiwa inasema iwe chini ya 460, haikubaliwi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunayachanganya haya bila madhara. Tukisema njoo kabla ya saa nne, hakuna anayemfungia mlango aliyefika saa nne kamili. Mizani haina adabu hiyo. Kwa hiyo mfasiri achague isizidi na isipungue, aachane na chini ya na zaidi ya, na akiweza aongeze: kipimo kamili kinakubaliwa.

Tukiwa hapo kwenye saa, ratiba ya mashindano nayo ni kanuni. Karatasi ya Kiswahili ikiandika kupima kunaanza saa 4 asubuhi, mzazi wa Tanga atafika saa ambayo ukuta wa ukumbi unaonyesha 10:00, na atakuwa sahihi. Mtoto wake aliyesoma shule ya hapa atamwambia kwamba saa 4 asubuhi watu wamelala. Tuandike yote mawili, saa 4 asubuhi na 10:00, mradi kila mtu afike.

Kisha kuna mstari wa tatu, ambao ndio uliotukalisha muda mrefu: mpira uliopakwa mafuta usizidi gramu 1.5. Ukanda wa mpira hupakwa mafuta ili nyuzi zake ziteleze zinaposokotwa na zipokee mizunguko mingi bila kukatika. Mafuta yana uzito. Aliyekata ukanda wake ukawa gramu 1.5 kamili ukiwa mkavu, akaupaka mafuta, amezidi. Kanuni inataka upimwe baada ya kupakwa.

Sasa angalia rasimu mbili za sentensi hiyo. Ya kwanza: Ukanda wa mpira uliopakwa mafuta usizidi gramu 1.5. Ya pili: Ukanda wa mpira usizidi gramu 1.5 ukipakwa mafuta. Zinakaribiana kwa sikio. Lakini kitenzi chenye -li-o- katika ya kwanza kinauelezea ukanda: ndio huo, umekwisha kupakwa, upime. Kiambishi -ki- katika ya pili kina masharti ndani yake. Kinaweza kusomwa: iwapo utaupaka mafuta, basi usizidi. Na usipoupaka? Mjanja atasema hapo hakuna kikomo. Ataleta ukanda mkavu wa gramu 4, na sentensi yetu itakuwa shahidi wake. Ya kwanza nayo si salama kabisa, maana mjanja yuleyule anaweza kudai kwamba inazungumzia kanda zilizopakwa tu. Dawa ni kuvunja sentensi iwe mbili: Ukanda wa mpira usizidi gramu 1.5. Hupimwa baada ya kupakwa mafuta. Sentensi fupi mbili, kila moja na kazi yake. Wanafunzi wenzetu wanaodhani kwamba -ki- ya masharti na virejeshi ni mambo ya mtihani tu, hapa kuna meza na mizani ya kuwashawishi.

Nambari zenye lafudhi

Kuna jambo moja la kufurahisha tuliloliona tulipolinganisha madaraja. Daraja la F1L, ambalo pia ni la ukumbini, lina kikomo cha ncha kwa ncha cha milimita 457.2, na ukingo kwa ukingo milimita 76.2. Nani aliyeamka asubuhi akachagua 457.2? Hakuna. Ni inchi 18 na inchi 3, zilizohamishwa kwenda milimita bila kuguswa. Nambari hizo zina lafudhi. Ukizisikia unajua zilizaliwa wapi, kama unavyomjua mtu wa Unguja kwa kauli yake. Aliyeandika F1M alifanya tafsiri ya namna nyingine: aliiacha 457.2 akaweka 460, nambari inayosomeka kwenye rula ya mtoto. Ya kwanza ni tafsiri sisisi. Ya pili inatazama anayeitumia. Walimu wetu wa tafsiri wana mfano mpya wa darasani.

Marekani ina daraja ambalo jina lake linatokana na senti: ndege isiwe nyepesi kuliko senti moja ya nchi hiyo. Kanuni nzuri hiyo, kwa sababu kila mtu ana senti mfukoni na hahitaji mizani ya bei. Kijiti kilichosawazishwa katikati kinatosha. Kisha mwaka 1982 serikali ikabadilisha madini ya senti, na uzito wake ukashuka kutoka gramu 3.11 hadi gramu 2.5. Neno lilibaki lile lile. Kitu kilichotajwa na neno kikawa kingine. Aliyesoma senti kama sarafu iliyo mkononi mwake angejenga nyepesi zaidi. Aliyesoma senti kama uzito wa siku kanuni ilipoandikwa angebaki pale pale. Leo kanuni ya daraja hilo inataja gramu 3.1. Nambari imechukua nafasi ya sarafu, na uzito wa zamani umebaki hata baada ya senti yenyewe kupungua. Hatujui mfano ulio wazi kuliko huu wa swali linalowasumbua wanasheria duniani kote: je, neno la sheria lifuate maana ya siku lilipoandikwa au ya siku linaposomwa?

Kile ambacho kanuni haikukisema

Waswahili husema sheria ni msumeno. Hukata mbele, hukata nyuma. Mistari mitatu ya karatasi yetu haisemi chochote kuhusu udongo. Mtoto amejenga ndege ya gramu 2.6. Anachukua kidonge cha udongo wa kufinyangia cha gramu 0.4, anakibandika karibu na pua, mizani inasoma 3.0. Je, ni halali?

Kwa herufi, ni halali. Kanuni imetaja uzito, haikutaja mbao. Kwa nia je? Tumesema nia ya kikomo ni kumnyima bingwa faida ya wepesi. Ndege hii hairuki ikiwa na gramu 2.6, inaruka ikiwa na gramu 3. Nia imetimizwa. Isitoshe, udongo ni njia ya kawaida ya kusogeza kitovu cha uzito mpaka ndege isawazike. Hapa herufi na nia zinakubaliana, na mpimaji hana neno.

Swali gumu zaidi ni la mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini. Mistari yetu mitatu haiyakatazi. Ncha kwa ncha bado ni 460. Kabla mtu hajakimbilia kusema kwamba kisichokatazwa kimeruhusiwa, akumbuke kwamba kanuni za daraja husomwa pamoja na kanuni za jumla za mchezo, na karatasi ya ukurasa mmoja ni muhtasari. Ukimya wa muhtasari si ruhusa. Hapo kuuliza si ujinga, na kuuliza kabla ya kujenga kuna bei nafuu kuliko kuuliza mezani. Lakini swali likijibiwa, jibu liandikwe na kubandikwa pale kila mtu anapoliona. Jibu linalonong'onezwa kwa mmoja limekuwa kanuni ya siri, na kanuni ya siri humpendelea anayejuana na mpimaji.

Maandishi yapi yatawale?

Mwisho tunafika kwenye swali ambalo mji huu unalijua kuliko miji mingi. Karatasi za Kifaransa, Kiholanzi na Kiswahili zikitofautiana, ipi ifuatwe?

Katiba ya Ubelgiji ni ya mwaka 1831, lakini kwa zaidi ya karne nzima Kifaransa peke yake ndicho kilichokuwa matini halisi. Kiholanzi kilipata hadhi hiyo mwaka 1967, Kijerumani mwaka 1991. Umoja wa Ulaya, ambao ofisi zake nyingi ziko hapa Brussels, una lugha rasmi 24, na mahakama yake ilisema mwaka 1982 kwamba matini za lugha zote zina nguvu sawa na kwamba kuzifasiri kunahitaji kuzilinganisha. Kenya imechagua njia nyingine: Kifungu cha 259 cha Katiba ya 2010 kinasema matini za lugha mbalimbali za katiba hiyo zikigongana, ya Kiingereza ndiyo itakayotawala, ingawa Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tanzania nayo mwaka 2021 ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria.

Kati ya wanachama wetu kuna waliosema karatasi ya Kiswahili iandikwe chini kabisa kwamba ni msaada tu na haina nguvu. Wana hoja. Wapimaji hawasomi Kiswahili, na mashindano hayawezi kusimama kila mara kumsubiri mfasiri. Na tafsiri mbaya ikipewa nguvu, mjanja ataitafuta.

Sisi tunaona njia ya kati. Nambari na mchoro vitawale. Karatasi iwe na mchoro mmoja wa ndege ikitazamwa kutoka mbele na mmoja ikitazamwa kutoka juu, mishale ikionyesha kila kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi, na mchoro huo uwe ule ule katika lugha zote tatu. Maneno yauelezee mchoro, yasishindane nao. Mchoro pia unahitaji kusomwa, lakini mshale unaotoka ncha hadi ncha hewani umelimaliza swali la kivuli na kamba, na hauna umoja wala wingi.

Na pale ambapo utata utabaki, tunashikilia kwamba umwangukie aliyeandika, si aliyesoma. Mtoto aliyejenga kwa kufuata lugha mojawapo kwa uaminifu aruhusiwe kurusha siku hiyo, na karatasi irekebishwe kabla ya mashindano yanayofuata. Mjanja hatanufaika sana, kwa sababu mlango utakuwa umefungwa mara ya pili. Lakini mwanafunzi wa miaka kumi aliyerudishwa nyumbani bila kurusha, kwa sababu ya kiambishi, huenda asije mara ya pili.

Rasimu tunayompelekea mwenzetu ni hii. Wasomaji wenye neno bora walilete kabla hatujaichapa.

Ncha kwa ncha, kama mshale wa mchoro unavyoonyesha, mabawa yasizidi milimita 460. Milimita 460 kamili inakubaliwa.

Ndege bila ukanda wa mpira isipungue gramu 3. Gramu 3 kamili inakubaliwa. Udongo wa kuongeza uzito unaruhusiwa.

Ukanda wa mpira usizidi gramu 1.5. Hupimwa baada ya kupakwa mafuta.

Una swali? Uliza kabla ya kujenga. Jibu litabandikwa ukutani kwa lugha zote tatu.

Tumehesabu maneno ya rasimu hii na ni mengi kuliko ya Kifaransa. Hatuoni ubaya. Sehemu kubwa ya yaliyoongezeka ni yale ambayo wakongwe wanayajua bila kuambiwa, na ndiyo hasa mgeni anayoyahitaji. Toleo lijalo, tukijaliwa, tutarudi kwenye istilahi za benki, ambazo ni nzito zaidi kwa gramu lakini si kwa maana.